Siku Hadijah Aliposema Hamjui Kaltuma

Mimi ni Mumbua. Nafanya kazi ya mapokezi katika kliniki moja ya meno hapa Doha, na kwa mwaka mmoja na nusu nimelala kitanda cha pili kutoka kwa Hadijah, katika chumba cha wanawake wanne kule Al Mansoura. Haya nitakayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinieleza mwenyewe akiwa amelazwa hospitalini na bandeji mpaka kwenye kiwiko. Ameniruhusu kuyasema. Aliniomba jambo moja tu, kwamba nisimfanye mtu mwema kuliko alivyokuwa.

Hadijah alizaliwa Kibra, Nairobi, upande wa Makina, katika nyumba ya Wanubi. Babu wa babu yake aliletwa Kenya kutoka Sudani akiwa askari wa Mwingereza, akaonyeshwa msitu akae, na watoto wake na wajukuu wake wakakaa hapo zaidi ya miaka mia moja. Nyumbani waliongea Kinubi, ambacho ni Kiarabu kilichosafiri sana mpaka kikageuka. Mtaani waliongea Kiswahili. Alipofika miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho pamoja na rafiki yake Charity, mtoto wa nyumba ya pili. Charity alikipata chake baada ya mwezi. Hadijah aliambiwa alete cheti cha babu yake na kiapo, kisha arudi Alhamisi asimame mbele ya kamati ya wazee ahojiwe kama kweli ni Mkenya.

"Kwenu ni wapi hasa?" mzee mmoja alimuuliza.

"Kibra."

"Kibra ni mahali mnakaa. Mimi nauliza kwenu."

Alhamisi hizo zilikuwa nyingi. Kitambulisho kilitoka akiwa na miaka ishirini na mbili, na kufikia hapo nafasi ya chuo na kazi mbili zilikuwa zimempita. Karani aliyempa alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba watu kama yeye wangejipunguzia usumbufu kama wangerudi tu Sudani.

Mwaka wa 2021, ndoa yake ikiwa imevunjika, alipata kazi ya upishi Omdurman, ng'ambo ya mto kutoka Khartoum. Alikwenda kwa ajili ya mshahara, lakini aliniambia pia alitaka kuona hiyo nchi aliyokuwa akitumwa arudi tangu ujana wake. Siku ya kwanza alifungua mdomo kwenye duka la mkate na watoto wakaanguka kwa kicheko, kwa maana Kinubi chake kwao kilikuwa kama Kiarabu cha mtoto wa miaka mitatu. Mwenye duka naye akamwita kwa neno ambalo maana yake ni mtumwa. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anavyosema "wewe mrefu, pisha hapo."

Mwenye nyumba aliyofanyia kazi alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mgonjwa wa sukari, aliyeitwa Mama Mahasin. Alimtendea Hadijah vizuri. Na katika nyumba hiyo alikuwamo mwanamke mwingine, Kaltuma, aliyefua nguo asubuhi na kuuza chai mbele ya geti mchana. Kaltuma alitoka Al-Junaina huko Darfuri, magharibi kabisa karibu na Chadi, wa kabila la Wamasaliti, watu weusi ambao wanamgambo wa huko walikuwa wakiwachomea vijiji tangu yeye akiwa mdogo. Alizaliwa Sudani, na wazazi wake walizaliwa Sudani, lakini hakuwa na namba ya uraia. Kila alipokwenda kuiomba aliambiwa alete ndugu wa kiume mwenye namba aje amshuhudie. Baba yake alikuwa kambini Al-Junaina. Kaka yake, Abakar, alikuwa Doha akiendesha gari la maji.

Hadijah naye alimsimulia habari za kamati ya wazee na Alhamisi zake. Kaltuma alipoelewa kwamba huyu mwenzake anaambiwa kila siku arudi Sudani, na yeye aliye Sudani anaambiwa alete ushahidi, walicheka mpaka Mama Mahasin akatoka nje kuuliza kuna nini. Kuanzia hapo wakawa ndugu. Kaltuma alijifunza maneno kidogo ya Kiswahili, ya jikoni tu: njoo, kula, moto, dada yangu. Aliyatumia yote kwa wakati mmoja bila kujali yanaungana au la.

Vita kati ya jeshi na wanamgambo walewale vilianza mwezi wa nne mwaka wa 2023. Wiki ya tatu wanamgambo waliingia mtaani kwa magari ya rangi ya mchanga. Mlinzi wa geti, mzee aliyekuwa ametoka kunawa ili aswali, alipigwa risasi akiwa bado ameshika birika. Mama Mahasin alipigwa kwa kitako cha bunduki mdomoni, meno yakatoka mbele ya Hadijah na Kaltuma. Walichukua dhahabu, friji, magodoro, hata milango ya kabati. Wawili waliingia na Kaltuma katika chumba cha nguo. Hadijah alikuwa jikoni, bunduki iko shingoni mwake, akasikia yote. Alinieleza hilo kwa sentensi moja, na mimi sitaongeza ya pili.

Hawakuondoka mtaani kwa karibu mwaka mzima. Walileta mbuzi na unga wa kuiba, wakawaamuru wanawake wale wawapikie. Anayekataa, waliwaonyesha, anaishia kama mzee wa geti. Mwezi wa sita mmoja wao alimsikiliza Kaltuma akiongea, akaitambua lafudhi yake.

"Wewe ni Masaliti?" akamuuliza.

Kaltuma aliendelea kukoroga sufuria.

"Mimi nimetoka kwenu wiki iliyopita," yule mtu akasema huku akilamba vidole. "Hakuna tena kwenu."

Simu zilikuwa zimekatika, kwa hiyo Kaltuma hakujua kama ni maneno ya kumtisha au ni kweli. Ilikuwa kweli. Baba yake alikuwa ameuawa njiani akikimbilia Chadi, na mama yake alivuka mpaka akiwa na kidonda cha risasi pajani. Kaltuma alikufa bila kujua lolote kati ya hayo mawili.

Mama Mahasin alifariki mwezi wa kumi na mbili, dawa ya sukari ilipokwisha kabisa. Wanawake wale wawili walimzika uani, wakichimba kwa jembe la bustani na sinia.

Machi 2024, Ramadhani ilipokuwa imeanza, jeshi liliingia mtaani na wanamgambo wakakimbia. Watu walitoka nje wakapiga vigelegele, Hadijah na Kaltuma pia. Lakini nyuma ya wanajeshi walikuja vijana wa mtaa wenye bunduki, watu ambao ndugu zao waliuawa na nyumba zao zikaibwa, na walikuwa na orodha ya waliobaki na kushirikiana na adui. Waliwaweka watu ukutani wakawatazama nyuso. Aliyekuwa na uso wa magharibi alikuwa na hatia tayari. Jirani mmoja aliyerudi siku ileile aliinyooshea kidole nyumba ya Mama Mahasin.

"Hawa ndio waliowapikia."

"Walitulazimisha," Hadijah akasema.

Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye ndevu chache na kandambili za plastiki. Alimpiga Hadijah kofi lililomwangusha. "Nyuso hizi si za hapa. Nyinyi ni wa wapi?"

Hadijah alikuwa ameshona pasipoti yake ndani ya pindo la sketi tangu siku ya kwanza ya vita. Alilirarua pindo kwa meno akaitoa. Kijana akaifungua, akalinganisha picha na uso, akasema, "Kenya."

"Ndiyo. Mimi ni Mkenya."

Akaamini. Hadijah alinieleza kwamba ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu mwenye mamlaka kuliamini jambo hilo bila kuuliza swali la pili.

"Na huyu?"

Kabla Hadijah hajafungua mdomo, Kaltuma alikwishapiga magoti na kumshika mkono, akisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, akitumia kila neno alilokuwa nalo: "Dada yangu! Njoo! Kula! Moto, dada yangu! Njoo!"

Kijana hakuielewa lugha hiyo, na huenda ingetosha kumfanya adhani huyu naye ni Mkenya. Alimgeukia Hadijah. "Ni wa kwenu?"

Hadijah alikuwa amewaona watu watatu wakianguka kwenye ukuta uleule asubuhi ile. Pasipoti yake ilikuwa bado mkononi mwa kijana. Aliniambia hakufikiri, na kwamba hilo halimpunguzii kitu.

"Simjui," akasema.

Mkono wa Kaltuma haukumwachia. Iliwabidi wamvute wawili. Hakulia wala kumlaani. Aliendelea na maneno yale ya jikoni mpaka walipomfikisha ukutani, kana kwamba bado angeweza kuyapanga yakawa sentensi. Walimpiga risasi tatu. Ya kwanza haikumuua. Hadijah aliamriwa akae akitazama upande mwingine, lakini masikio hayafungwi.

Walipoondoka, baada ya kumtupia pasipoti yake, yeye na mama mmoja mzee wa nyumba ya mkabala walimbeba Kaltuma ndani kwenye mlango uliong'olewa, wakamzika kando ya Mama Mahasin. Baada ya siku kumi Hadijah alifika Bandari ya Sudani juu ya lori la vitunguu.

Mtoto wa Mama Mahasin, Mutasim, ana hoteli ndogo ya chakula hapa Al Mansoura, nyuma ya duka la vipuri. Aliposikia kwamba ni Hadijah aliyemhudumia mama yake mpaka mwisho na kumzika, alimtafutia viza. Mwezi wa saba mwaka ule Hadijah akawa mpishi Doha. Asubuhi alipika maharage ya ful kwa Wasudani, mchana chapati na mchuzi kwa Wakenya na Waganda, na watu walimpenda kwa sababu hakuwapunja.

Jambo moja lilinishangaza tangu mwanzo. Kila dereva wa gari la maji aliyesimama mtaani kwetu, Hadijah alimkimbilia.

"Kuna Msudani kwenu anaitwa Abakar?"

Nilidhani ni mchumba aliyempotea. Ilimchukua miezi minne. Ijumaa moja akaingia mwanamume mrefu, mwembamba, na chupa ya maji begani, akasema kwamba amesikia kuna mama anamuulizia. Hadijah alimtazama machoni. Ana macho ya Kaltuma, aliniambia baadaye, yaleyale. Alimletea chai. Alikuwa amejiandaa kusema. Lakini Abakar alipojua kwamba huyu ametoka Omdurman, alitoa simu mbio akamwonyesha picha.

"Ukhti, huyu ni dada yangu. Alikuwa akiuza chai huko. Mama yuko kambini Chadi, kila siku ananiuliza. Wengine wamesema wamemwona akielekea Sudani Kusini. Hukuwahi kumwona?"

Hadijah aliishika ile simu mpaka kioo kikazima.

"Nitaulizia," akasema.

Na akaendelea kumwambia hivyo mwaka mzima. Abakar alikuja Jumanne na Ijumaa. Hadijah alimwekea nyama iliyo laini, alimshonea shati lililochanika, alimtengenezea asida, ugali wa Kisudani, kama ya kwao. Abakar alikaa Al Wukair na madereva wenzake wa kampuni, akivuka mji kwa ajili ya sahani ile. Mimi nilimtania Hadijah, "Huyu ukimalizana naye si mtualike harusi?" Alinijibu nimwache. Alikuwa akinyamaza siku nzima baada ya Abakar kuondoka, na mimi nikaendelea kudhani ni mapenzi.

Sasa nije kwenye Ijumaa yenyewe. Ilikuwa Novemba mwaka jana, wiki chache tu baada ya mji wa Al-Fashir, huko Darfuri, kuangukia mikononi mwa wanamgambo. Wasudani wote mtaani walikuwa wakitembea na video za watu wakipigwa risasi mashimoni. Mimi nilitoka ibada ya kanisani Mesaimeer, ambayo hapa huwa Ijumaa, nikapitia hotelini kula kabla ya kwenda kulala. Kulikuwa na wanaume saba hivi ndani. Meza ya kati alikaa Siddig, fundi wa viyoyozi, mtu wa Omdurman, na wenzake wawili. Ndugu wawili wa Siddig walitolewa nyumbani na wanamgambo mwaka wa kwanza wa vita na kukutwa kisimani. Kila mtu aliijua habari hiyo na kila mtu alimheshimu kwa ajili yake.

Abakar aliingia na maji begani, akamsalimu Hadijah akitabasamu. Siddig alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kutazama video moja. Akaweka simu chini.

"Unacheka nini?"

"Namsalimu dada."

Siddig aliisikia lafudhi. "Wewe wa wapi?"

"Al-Junaina," Abakar akasema.

Sikumwona Siddig akisimama. Nilichoona ni kiti kikivunjikia kichwani kwa Abakar, na ile chupa ya lita ishirini ikipasuka sakafuni, maji yakatulowesha viatu. Wale wawili wakamrukia. Walimpiga mateke mbavuni na usoni, wakipiga kelele wakimwita janjawidi, jina la wanamgambo. Jino lilitoka likaangukia majini. Abakar alijikunja huku akilia, "Mimi ni Masaliti! Hao ndio waliomuua baba yangu! Wamemuua baba yangu!" Nilikuwa naelewa Kiarabu kidogo tu cha kazini, lakini hilo nilielewa, na wao ambao ni lugha yao hawakulisikia kabisa. Watu wengine walibanana mlangoni. Mutasim alikuwa nje akiegesha gari.

Kisha Siddig akanyoosha mkono kwenye kaunta akachukua kisu cha kukatia nyama.

Hadijah alikuwa na mwiko mkononi. Aliutupa, akapita chini ya kaunta, akajilaza juu ya Abakar. "Ni ndugu yangu!" akapiga kelele. "Namjua! Namjua! Huyu namjua!" Siddig alimvuta kwa mtandio, akamwambia atoke, hana ugomvi naye. Hakutoka. Kisu kiliposhuka alikidaka kwa kiganja. Siddig akakivuta. Nilisikia sauti ya mfupa, na damu ikaruka ikanipata mdomoni. Alikishika tena, na kikavutwa tena, na mara ya tatu kikamkata kutoka kwenye nyusi hadi sikioni. Hapo ndipo nilipoinuka. Nilichukua sufuria ya mchuzi iliyokuwa jikoni, moto hivyohivyo, nikamwagia Siddig mgongoni. Mpaka leo sijutii wala sijisifu. Mutasim alikuwa ameingia na wanaume wawili wa duka la vipuri, wakamlaza chini mpaka polisi walipofika.

Polisi walimchukua Siddig, wenzake, Abakar na mimi. Kamera ya hoteli ilinitoa mimi jioni ileile, na Abakar kesho yake, mbavu tatu zikiwa zimevunjika. Siddig alihukumiwa kifungo, kisha atarudishwa kwao, kwenye nyumba ambayo najua ilichomwa.

Hadijah alifanyiwa upasuaji mara mbili. Vidole viwili vya kushoto havitakunjika tena. Siku ya tatu nilimpelekea uji, na ndipo aliponieleza yote, kuanzia Kibra hadi ukutani, akitazama dari. Alipomaliza akaniuliza, "Nimwambie?"

"Umwambie nini tena?" nikasema. "Haki ya Mungu, Hadijah, umeshalipa. Umetoa mkono. Yule kijana anakuona wewe ni malaika, na mama yake ana tumaini lake. Ukimwambia utamuua Kaltuma mara ya pili. Nyamaza."

"Mkono huu nimempa Abakar," akasema. "Kaltuma sijampa kitu."

Nilikasirika nikaondoka. Leo najua nilimshauri vibaya, lakini siku ile niliona mimi ndiye mwenye akili.

Abakar alikuja kesho yake, uso umevimba, akibeba machungwa. Aliketi akaushika mguu wa Hadijah juu ya shuka, kwa kuwa mkono wa upande wake ulikuwa na bandeji, akaanza kumshukuru na kumwita mama yake wa pili. Hadijah akamwambia aache. Akamweleza. Nilikuwa mlangoni, maneno sikuyaelewa yote, ila nilimwona Abakar akiuondoa mkono wake kwenye ule mguu polepole, kama mtu aliyegundua ameshika kitu cha moto lakini hataki kukiangusha.

Kisha akauliza maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini. Alivaa nguo gani? Walipiga risasi ngapi? Ni nani aliyemfumba macho? Mlimlaza uso ukielekea kibla? Hadijah alijibu kila moja. La mwisho Abakar aliuliza kwa nguvu kidogo, na hilo nililisikia.

"Ungesema ni dada yako, wangemwacha?"

"Sijui," Hadijah akajibu. "Pengine wangetuua wote wawili. Sijui. Sikujaribu."

Abakar alisimama, akachukua machungwa yake, akatoka.

Hakuonekana kwa wiki tano. Hadijah alirudi chumbani, akawa anajifunza kufunga vifungo kwa mkono mmoja. Hakula vizuri. Mara moja nilimkuta ameketi na pasipoti yake mapajani, haifungui, anaitazama tu jalada. Nilimwambia maneno ya kumtia moyo nikaona hayaingii.

Kumbe Abakar naye alikuwa na yake. Pasipoti yake ilikuwa imekwisha muda zaidi ya mwaka, na alipotaka mpya aliambiwa alete namba ya baba, na baba aliyeuawa njiani hakufa na karatasi mfukoni. Bila pasipoti kampuni haikuweza kumpa ikama mpya, yaani kibali cha ukaazi. Akakata shauri aende kwa mama yake kambini, kwa karatasi ya safari moja tu. Siku mbili kabla ya kuondoka aligonga mlango wetu hapa Al Mansoura. Hakuingia. Alisimama kizingitini na simu mkononi.

"Mama yangu yuko kwenye laini," akamwambia Hadijah. "Mimi nimeshindwa kumwambia. Nimejaribu wiki tano. Wewe ndiye uliyekuwepo. Mwambie wewe, kwa mdomo wako."

Uso wa Hadijah ukawa kama wa mgonjwa. Nilisogea mbele nikamwambia Abakar, "Kaka, huu ni ukatili." Hakunitazama hata. Hadijah alinisogeza kando, akaichukua simu kwa mkono ule mzima.

Alisema. Haikuchukua hata dakika kumi. Alilisema na lile neno, "simjui", bila kulifunika na kitu. Upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti ya watoto wa kambi, kisha yule mama akauliza jina la Hadijah tena, akalirudia, akakata simu.

Abakar akapokea simu yake. "Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Lakini na ule mkono siwezi kuusahau. Sijui niweke wapi haya mawili." Akamshika begani mara moja, akashuka ngazi. Sasa yuko Chadi na mama yake. Ana kadi ya ukimbizi yenye picha yake na jina la kijiji ambacho hakipo tena.

Ijumaa iliyofuata, mchana, simu ya Hadijah iliita kwa namba ya Chadi. Alikuwa mama yake Kaltuma. Hakusalimia. Alitaka kujua Kaltuma alilala wapi katika nyumba ile, kitanda au sakafuni. Alitaka kujua kama wateja wa chai walimheshimu. Hadijah alijibu, na mama akakata simu. Ijumaa ya pili akapiga tena, akauliza zaidi: alinenepa? Aliimba? Ni kweli aliwahi kucheka? Neno la msamaha halijawahi kutamkwa, na Hadijah hajawahi kuliomba. Anafunga jiko mapema siku hiyo, anaketi kitandani na kuweka simu kwenye spika kwa sababu mkono unachoka, na anamtoa Kaltuma kidogokidogo, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, chai, nguo, vicheko.

Juzi walifika kwenye ile siku ya kwanza ya wanamgambo. Hadijah akaanza, akafika kwenye mzee wa geti na birika lake, akawa analia kwa kwikwi, mimi nikainuka nizime ile simu.

Yule mama akaongea kabla sijaifikia, taratibu, na Hadijah akanitafsiria baadaye alichosema.

"Usilie. Ukilia sisikii vizuri. Endelea."